Barua Mbili za Daktari Mmoja

Nikodemu alishuka ngazi za ghorofa saba akiwa ameshika ukuta, na kila alipofika kwenye kona alijifanya anafunga kamba za viatu. Dada Kissa, aliyetangulia na bahasha ya karatasi kwapani, aliliona hilo tangu ghorofa ya tano, akanyamaza mpaka ya pili.

"Kaka Niko, hizo moka zinafungwa kamba wapi?"

"Twende, dada. Tutachelewa."

"Inauma?"

"Bwana ni mwema."

"Sijauliza habari za Bwana. Nimeuliza habari za mbavu."

Nikodemu alivuta pumzi nusu, kama mtu anayeonja chai ya moto, akamalizia ngazi zilizobaki.

Chini, uchochoro wa Sanyuanli ulikuwa umekwisha kuamka. Mikokoteni ya marobota ilipita ikigonga mawe, pikipiki za umeme zikipenya bila sauti, na mama muuza mayai ya kuchemsha alikuwa ameshafunua sufuria yake, mvuke ukimpanda usoni. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, na jua la mwezi wa nane lilikuwa tayari kali. Ofisi ya uhamiaji hufunguliwa saa tatu. Kibali cha Nikodemu cha kukaa China kilikuwa kinaisha leo hii.

Nikodemu alikuwa mtu wa Makambako, miaka arobaini na minne, muuza nguo za watoto. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kuja Guangzhou. Hununua mzigo wake taratibu, duka kwa duka, na mkewe Melania huupokea kule nyumbani. Wafanyabiashara wadogo kama yeye hawaajiri wapakiaji. Siku kontena linapoletwa, kila mwenye mzigo huja na mikono yake, wakapakia pamoja, wakaimba pamoja, kontena likaenda zake bandarini Huangpu. Siku moja, karibu miezi miwili iliyopita, Nikodemu alipanda safu ya juu kabisa kupokea robota la mwisho. Safu ikateleza, naye akaangukia ukingo wa chuma wa toroli. Mbavu tatu zikavunjika, na pafu la kushoto likatobolewa.

Alilazwa siku kumi na nane na mrija wa kutolea hewa kifuani. Viza yake iliisha siku ya tisa, akiwa hajitambui vizuri. Alipotoka hospitali alikuta karatasi ya uhamiaji inayomtaka aondoke nchini ndani ya siku kumi.

Dada Kissa ndiye aliyemwokoa. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, amepanga chumba cha mkabala na chake, kazi yake kukagua nguo kwenye viwanda vidogo vya Kangle kwa niaba ya wenye mizigo walio nyumbani. Kichina alikisoma madarasa ya jioni kwa miaka minne, mpaka akaweza kusoma barua za serikali. Alimkokota Nikodemu hadi dirisha la uhamiaji na barua ya Daktari Lin, aliyemtibu, iliyosema: asipande ndege. Ndege ikipaa, hewa iliyobaki kifuani hutanuka, hulibana pafu, hubana na moyo, na huko juu hakuna pa kushukia. Sheria ilikuwa na mlango mdogo kwa watu wa namna hiyo. Mgonjwa asiyeweza kusafiri haondolewi mpaka aweze. Wakampa siku thelathini.

Sasa zilikuwa zimekwisha. Ndani ya bahasha ya Kissa mlikuwa na pasipoti, picha mbili, karatasi ya polisi ya kuonyesha anapoishi, na barua mpya ya daktari ambayo Nikodemu aliifuata jana peke yake, kwa kuwa Kissa alikuwa Kangle tangu alfajiri. Ilikuwa imefungwa kwa gundi. Nikodemu aliitunza ndani ya Biblia usiku kucha.

Ofisini walipewa namba sabini na tatu. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine na viti vya chuma. Ilipofika saa nne na nusu namba yao iliitwa dirisha la sita, mbele ya binti mmoja mwenye miwani mikubwa na mikono myepesi. Alifungua bahasha, akapanga karatasi kama mtu anayepanga karata, akaifungua barua ya daktari. Akasoma. Kisha akamtazama Nikodemu na kutabasamu.

"Anasema hongera," Kissa alitafsiri, kabla hajaelewa alichokuwa akitafsiri. "Anasema… umepona."

"Amina," alisema Nikodemu.

Kissa aliivuta barua, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Kaka Niko. Jana ulimwambia nini daktari?"

"Nilimwambia ukweli."

"Ukweli upi? Hapa imeandikwa mgonjwa anasema hana maumivu, anapumua vizuri, amekataa kupiga picha ya kifua. Anaweza kusafiri." Sauti yake ilikuwa chini. "Anaweza kusafiri, kaka. Umejiandikia tiketi."

Jambo lenyewe lilianza Jumapili, sebuleni kwa Mama Jacinta.

Mama Jacinta alikuwa Mkenya wa Kitale, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi, na kila Jumapili alifungua sebule yake kwa ibada. Walikuwa watu kumi na watano au ishirini, madirisha yamefungwa, feni mbili zikizunguka, wakiimba kwa sauti ya chini ili jirani asije akagonga. Kupiga makofi kulikatazwa. Walipiga vidole viwili juu ya kiganja. Nikodemu aliipenda ibada hiyo kuliko kitu chochote katika mji huu. Hapo ndipo mahali pekee palipomjua kwa jina lake lote.

Jumapili hiyo walimweka katikati. Mama Jacinta alimwekea mkono pale penye mbavu, akaomba mpaka jasho likamtiririka, kisha akamwambia: "Ndugu Niko, umepona. Sasa sikiza. Siku saba, mdomo wako usitaje ugonjwa. Ukiulizwa, sema umepona. Usimrudishie adui mlango uliofungwa. Umeskia?"

"Nimesikia, mama."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu."

Na usiku ule, jamani, alilala. Alilala kwa ubavu wa kushoto kwa mara ya kwanza tangu kuanguka kwake. Jumatatu palipambazuka na maumivu yakiwa yamerudi, tena na marafiki zake, lakini ahadi ilikuwa imeshatoka kinywani. Nikodemu hakuwa mtu wa kuahidi Mungu leo na kumgeuka kesho. Akaubeba ukimya wake kama anavyobeba mtu ndoo iliyojaa, asimwage hata tone. Siku saba zingeisha kesho, Jumamosi.

Ndivyo alivyoingia kwa Daktari Lin jana, na simu ya kutafsiri mkononi. Daktari aliuliza hali. Nikodemu akaiambia simu: "Nimepona kwa damu ya Yesu." Simu ikasema yake. Daktari akainuka kitini, akamfunua shati mbele na nyuma akitafuta damu inatoka wapi. Nikodemu alicheka, ikamchoma, akaficha. Akarudia pole pole: "Nimepona. Sina maumivu." Hapo simu haikukosea hata neno. Daktari alimwekea kipimo kifuani, akamwuliza kama anataka kupiga picha, yeye akatikisa kichwa. Nje ya mlango walikuwapo watu wasiopungua arobaini. Daktari akaandika, akasaini, akaita mwingine.

"Kwa hiyo uliweka nadhiri ya siku saba," Kissa alisema alipokwisha kusimuliwa, akiwa bado mbele ya dirisha, "katika wiki ya kufuata barua ya ugonjwa."

"Sikufikiria barua."

"Ulifikiria nini?"

"Nilifikiria kupona, dada."

Binti wa dirishani aligonga kioo kwa kalamu. Alizungumza haraka, bila ukali. Barua ndiyo hii, na mtu aliyepona hawezi kuongezewa siku za ugonjwa. Atapewa siku saba za kufunga mizigo na aonyeshe tiketi. Kama daktari ana maneno mengine, yaletwe leo, yakiwa na picha ya kifua ya leo. Saa kumi na moja dirisha linafungwa. Kesho na keshokutwa si siku za kazi, na asipochukua kimojawapo leo, kuanzia kesho atakuwa anakaa bila kibali.

Kissa alijaribu kumbembeleza. Binti akatikisa kichwa. "Bu xing," alisema, na hilo hata Nikodemu hakuhitaji kutafsiriwa. Ndilo neno la kwanza kila mfanyabiashara analojifunza sokoni. Haiwezekani.

Vilikuwa vituo vinne vya metro mpaka hospitali. Mkoba ukapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, wakashuka, wakapanda, wakasimama mlangoni kwa kuwa viti vimejaa. Mara moja treni ilipofunga breki Nikodemu alishika bomba kwa mikono miwili na uso wake ukawa wa majivu.

"Inauma?" Kissa aliuliza.

Nikodemu aliinua macho kwenye ramani ya vituo juu ya mlango.

"Mficha maradhi…"

"Usinimalizie, dada. Naijua."

Walifika saa sita kasoro. Daktari Lin alikuwa ameenda kupumzika mpaka saa nane na nusu, na namba zake za mchana zilikuwa zimekwisha. Wakakaa kwenye ngazi za nje, kivulini. Kissa alinunua maandazi ya mvuke yenye nyama ndani, akala moja kwa hasira, la pili kwa njaa. Nikodemu alikunywa maji ya moto tu.

"Unafunga pia?"

"Mpaka kesho jioni."

"Mungu wangu, kuna mtu ana mapafu mabovu na bado anayanyima chakula." Kissa alijifuta vidole. "Mimi ni Mmoravian, kaka Niko, sikukulia kwenye mambo ya kukemea. Kwetu mtu akiumwa tunamwombea, tunampikia uji, tunampeleka hospitali ya Makandana. Yote matatu. Hakuna aliyewahi kutuambia Mungu atakasirikia uji."

"Mama Jacinta hakusema hivyo."

"Mama Jacinta hana tundu kifuani."

Nikodemu alitazama foleni ya magari. Alijua Kissa anasema kweli, na alijua pia kwamba kuna kitu Kissa hakukijua. Katika chumba chake cha ghorofa ya saba, bila kazi, bila mzigo, akisubiri siku zihesabiwe na watu wengine, neno lile la Jumapili lilikuwa kitu pekee alichopewa bila kuombwa karatasi. Hakuna aliyemwambia lete picha mbili. Aliambiwa tu: umepona. Angelitemaje?

"Ningekuwa na siku moja tu zaidi," alisema. "Imebaki kesho."

"Kibali hakina kesho."

Saa nane na nusu walikuwa mlangoni. Kissa aliteta na muuguzi, akamwita kwa heshima dada mkubwa, akamwonyesha pasipoti, akapenya. Daktari Lin alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye macho ya mtu ambaye usingizi wake wa mchana umekatwa. Alimwona Nikodemu, akasema neno kwa muuguzi, wote wawili wakatabasamu.

"Anasemaje?" aliuliza Nikodemu.

"Anasema ni yule wa damu."

Kissa alianza kueleza kwa kirefu. Daktari alisikiliza, akainua mkono. Alisema chumba cha picha kimejaa mpaka Jumatatu. Nafasi ya leo hupewa mwenye dharura tu, na dharura huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kissa akafungua mdomo. Daktari akamkatiza, akachukua simu yake mwenyewe, akaiwasha upande wa kutafsiri, akailaza mezani kati yake na Nikodemu.

"Anasema mimi ninyamaze," Kissa alisema taratibu. "Jana ulisema mwenyewe. Na leo useme mwenyewe."

Simu ililala pale na kimwanga chake cha kijani kikicheza, ikisubiri.

Nikodemu aliitazama. Alimkumbuka mama yake mzazi. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na kila aliyepita uani alimsalimia naye akaitika vizuri: sijambo, hatujambo, Mungu anasaidia. Aliitika hivyo miaka miwili. Aliitika hivyo mpaka wiki ile ya mwisho, na msibani watu walisema mama Niko amekufa ghafla. Hakufa ghafla. Alikufa polepole mbele ya watu wote, akiwajibu salama.

Daktari alitazama saa ya ukutani.

Nikodemu alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na Kissa alidhani ameanza kuzungumza, lakini yeye alikuwa anamwomba Mungu ruhusa. Hakusikia sauti yoyote. Alisikia pumzi yake tu, ikigonga pale pale inapogonga siku zote.

"Naumwa," aliiambia simu.

Simu ikalisema kwa Kichina, kwa sauti ya kike iliyochangamka.

"Naumwa tangu Jumatatu. Nikikohoa naona giza. Siwezi kulala kwa ubavu wa kushoto. Ngazi za nyumbani napumzika mara sita. Jana nilikwambia nimepona. Sikupona." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, yakishukia kwenye ndevu. "Na ninaogopa ndege."

Sauti ile iliyochangamka ikayasema yote, pamoja na ndege. Daktari Lin hakutabasamu tena. Alichukua karatasi nyekundu ya dharura, akaandika, akaiweka mkononi mwa Nikodemu mwenyewe, si mkononi mwa Kissa.

Picha ilitoka saa kumi kasoro robo. Daktari aliibandika kwenye kioo cha mwanga na kuonyesha kwa ncha ya kalamu utepe mweusi kandokando ya pafu, mwembamba kama ukingo wa kanga. "Hewa," Kissa alitafsiri. "Bado ipo. Imeongezeka kuliko mwezi uliopita." Asipande ndege kwa wiki sita, kisha apigwe picha nyingine. Daktari aliandika barua mpya. Alipomaliza alimtazama Nikodemu kwa muda, kama mtu anayetaka kuuliza swali lisilo la kazi yake. Akasema maneno machache tu.

"Anasema jana angepaswa kukulazimisha," alisema Kissa. "Anasema walikuwa wengi."

"Mwambie si kosa lake."

"Nimwambie ni la nani?"

Nikodemu aliichukua barua, akainuka.

Muhuri wa hospitali ulikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye foleni. Walitoka saa kumi na dakika ishirini, wakachukua teksi, na kwa bahati ya Mungu barabara haikuwa imeziba. Saa kumi na dakika arobaini na tano mlinzi wa ukumbi alikuwa ameshazima mashine ya namba. Kissa alimwonyesha namba sabini na tatu ya asubuhi kana kwamba ni kitambulisho cha ukoo. Akawaachia.

Binti wa dirisha la sita aliipokea barua mpya. Akaitoa na ile ya asubuhi. Akaziweka sambamba, zikiwa na muhuri mmoja, mwandiko mmoja, jina moja, tarehe mbili zinazofuatana. Akainuka, akamwita mkubwa wake, mwanaume aliyekuja na chupa ya chai mkononi na hakuiweka chini.

"Barua mbili," Kissa alitafsiri, "daktari mmoja, siku mbili. Jana mzima, leo mgonjwa. Anasema moja ni ya uongo."

"Mwambie ya leo ni ya kweli."

"Amekubali ya leo, kwa sababu ina picha. Kwa hiyo anasema ya jana ni ya uongo, na aliyesema uongo ni wewe. Kuna fomu."

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Kissa aliisoma mara mbili kabla ya kuisema. Mimi, nafasi ya jina, nakiri kwamba tarehe fulani nilitoa taarifa ya uongo kuhusu hali yangu. Nimeonywa. Nafasi ya saini.

"Nikisaini?"

"Unapata siku. Lakini inabaki kwenye faili lako. Utakapoomba viza tena, wataikuta."

"Nisiposaini?"

"Barua ya jana ndiyo inayobaki. Siku saba na tiketi."

"Lakini sikudanganya, dada."

"Najua."

"Waulize kama kuna fomu nyingine. Ya mtu aliye… ya mtu ambaye alisema kitu kabla hakijawa."

Kissa aliuliza. Alijitahidi sana, akatumia maneno yote ya madarasa ya jioni, na jasho lilimtoka puani. Mkubwa wa chupa ya chai alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Anasema hakuna," alisema Kissa. "Kuna kweli na kuna uongo. Saa kumi na dakika hamsini na mbili, kaka. Saini."

Nikodemu alichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la pili. Akasaini. Chini ya saini palikuwa na nafasi nyeupe, upana wa vidole viwili. Kabla mtu hajaivuta karatasi aliinama tena na kuandika mstari mmoja kwa Kiswahili.

Binti wa miwani aliutazama. "Imeandikwa nini hapa?"

Kissa aliusoma mstari ule kimya. Angeweza kusema ni anwani. Angeweza kusema ni jina la baba. Lakini alikuwa ameona kutwa nzima jinsi neno moja linavyomgharimu mtu, akautafsiri ulivyo:

"Sikudanganya. Nilikuwa naomba."

Mkubwa alikuwa ameshageuka kurudi mezani kwake. Binti alibaki na kalamu juu ya karatasi, kwenye ule mstari, na Kissa alihisi sasa ataupigia mstari kuufuta. Binti alimtazama Nikodemu, mtu mzima mwenye shati lililolowa na mkono uliobana ubavu. "Hapa hakuna sehemu ya hilo," alisema kwa sauti ndogo. Lakini hakuufuta. Alichukua muhuri, akaupiga juu yake, na wino mwekundu ukafunika nusu ya maneno.

Kibali kikatoka. Kissa alikisoma hapo hapo.

"Siku kumi na tano."

"Daktari ameandika wiki sita."

"Kwa sababu ya barua mbili, wanasema. Zikiisha, uje na barua nyingine na picha nyingine."

"Na baada ya hizo?"

"Nyingine."

Walitoka nje mlango ukifungwa nyuma yao. Jua lilikuwa limelegea na miti ya barabarani ilitupa kivuli kirefu juu ya baiskeli zilizoegeshwa. Nikodemu alikaa kwenye ukingo wa bustani, bahasha magotini.

"Sasa naomba vipi, dada?" alisema hatimaye, na hakuwa anatania. "Nikipona, wananifukuza. Nikiumwa, wananivumilia siku kumi na tano. Nimwombe Mungu nini?"

Kissa alifikiri. "Omba upone," alisema, "ila umwambie asiharakishe. Na ukishindwa kabisa, niombee mimi migongo miwili, maana atakayekubeba kupanda ngazi za nyumbani ni nani kama si mimi?"

Kicheko kilimtoka Nikodemu kabla hajakizuia. Akajikunja, mkono ubavuni.

"Usinichekeshe, inauma!"

Wakatazamana. Kissa akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu vyake.

Simu ya Nikodemu ililia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mama Jacinta, wenye furaha, feni ikivuma nyuma yake. "Ndugu Niko, Bwana asifiwe sana! Kesho unamaliza siku saba, haleluya. Jumapili tunakungoja na ushuhuda. Nimeambia hata wale wa Foshan wakuje wakuskize. Ubarikiwe!"

Nikodemu aliusikiliza mara mbili. Alimpenda mama yule. Aliona sebule ile, madirisha yamefungwa, vidole viwili juu ya viganja, nyuso zikimngoja aseme neno wanalolihitaji wao wenyewe, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na tarehe yake ndani ya pasipoti. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaileta simu kinywani.

"Mama Jacinta, Bwana asifiwe. Jumapili nitakuja, na nitasimama kutoa ushuhuda." Akavuta pumzi nusu. "Lakini sijapona, mama. Kifua kinauma. Kinauma sana. Naomba mniombee tena, na safari hii niulizeni kwanza."

Aliachia kitufe. Akaweka simu sikioni kujisikiliza kabla ya kuutuma ujumbe. Maneno yalikuwa machache na sauti yake ilikuwa ndogo. Kilichosikika zaidi kilikuwa pumzi yake kati ya neno na neno, fupi, yenye mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kitu kizito sakafuni. Ilikuwamo humo tangu Jumatatu, na katika siku zote hizo hakuna dirisha lililokuwa limeisikia.

Akautuma.